Kikohozi cha makohozi: asali, haba soda na dawa za jikoni zinafaa kwa kiasi gani?



Ndugu zetu katika imani, kila msimu wa mvua na kila unapoingia upepo wa kusi na baridi ya kipupwe, tunapokea maswali yanayofanana. Mtoto anakohoa, kifua kinakoroma makohozi, usiku nyumba nzima hailali. Bibi anasema apewe asali na tangawizi. Baba anataka kupita duka la dawa akanunue chupa. Jirani anasema mtoto huyo ana kimeo, apelekwe akakatwe. Na mama, aliyembeba mtoto, anajiuliza: nikimpeleka hospitali, nitakuwa nimeiacha tiba ya Mtume?

Jawabu letu kwa ufupi ni hili. Dawa kadhaa za jikoni zinafaa kweli kupunguza tabu ya kikohozi cha kawaida, na asali ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Lakini kufaa kwake kuna mpaka, na aliyeujua mpaka huo akampeleka mgonjwa kwa daktari hakuiacha Sunna, bali ameifuata. Ufafanuzi wake ni kama ufuatao.

Makohozi ni nini?

Njia za hewa kifuani zina ute mwepesi unaonasa vumbi na vijidudu. Ute huo husukumwa juu na vinyweleo vidogo sana, tukaumeza bila hata kujua. Inapoingia mafua au uvimbe wa njia za hewa, ute unazidi na kuwa mzito, na hayo ndiyo makohozi, ambayo wazee wetu huyaita balghamu. Kukohoa ndiyo njia ya mwili kuyatoa. Kwa hiyo katika kikohozi cha makohozi lengo si kukizima kikohozi. Lengo ni makohozi yalainike, yatoke kwa wepesi, na mgonjwa apate usingizi.

Pia tujue kwamba kikohozi cha mafua kina muda wake. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionesha kuwa kwa mtu mzima kikohozi cha aina hii huchukua wastani wa karibu siku 18, wakati watu wengi hudhani kitaisha ndani ya wiki moja. Kutokana na dhana hiyo, mtu siku ya 8 anakimbilia antibiotiki, naye alikuwa ameshaanza kupona. Antibiotiki haiui virusi vya mafua. Inapotumika ovyo inawafanya bakteria kuwa sugu, na siku tutakapoihitaji kweli tutaikuta haifanyi kazi.

Sharia inasemaje kuhusu kujitibu?

Imepokewa kutoka kwa Usama bin Sharik (Radhiya Allahu anhu), katika Sunan za Abu Dawud na At-Tirmidhi, kwamba mabedui walimuuliza Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kama watafute matibabu, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Amri hiyo haikutaja mti peke yake wala sindano peke yake. Dawa ni sababu, na mponyaji ni Allah. Aliyechuma jani shambani na aliyeandikiwa vidonge wote wameshika sababu, maadamu kilichotumika ni halali na kina manufaa yanayojulikana.

Kuna hadithi nyengine ambayo tunaisahau. Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah wamepokea kwamba mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, basi anabeba dhamana. Yaani akidhuru, analipa. Hadithi hii inamhusu muuza dawa za barabarani anayeapa kuwa chupa yake inatibu maradhi 40. Inatuhusu na sisi pia, tunapomshauri mama wa mtoto mdogo jambo tusilolijua.

Asali

Allah ametaja katika Suratun Nahl, aya ya 69, kuwa katika kinywaji kinachotoka matumboni mwa nyuki mna ponyo kwa watu. Muumini hahitaji maabara ili aliamini hilo. Hata hivyo ni jambo la kufurahisha kwamba watafiti, wengi wao wasiokuwa Waislamu, wameipima asali dhidi ya kikohozi na kuikuta inafaa.

Mwaka 2007, huko Pennsylvania, Marekani, watoto 105 waliokuwa wakikohoa usiku waligawanywa: wengine walipewa asali mara moja kabla ya kulala, wengine dawa ya kuzuia kikohozi, na wengine hawakupewa kitu. Kwa mujibu wa wazazi, waliopewa asali walikohoa kidogo zaidi na kulala vizuri zaidi. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa watoto 300 wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Hapo asali za aina tatu zilishindanishwa na maji mazito ya tende yanayofanana nayo kwa rangi na utamu. Watoto wote walipata nafuu, hata wa tende, lakini wa asali walipata nafuu zaidi. Mwaka 2018 taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kuchuja tafiti za tiba, ilipitia majaribio 6 yenye watoto 899, ikasema kuwa asali huenda inapunguza kikohozi kuliko kutotoa chochote, na inakaribiana na ile dawa ya kuzuia kikohozi. Miongozo ya tiba ya Uingereza nayo inaitaja asali kwa kikohozi cha mafua kwa walio na umri wa zaidi ya mwaka mmoja.

Tunapenda kuwa wakweli katika hili. Tafiti hizo zilihusu kikohozi kipya cha mafua, na nafuu yenyewe ni ya siku chache za mwanzo. Hakuna utafiti uliosema asali inatibu nimonia au kifua kikuu.

Namna ya kuitumia: mtoto wa mwaka 1 hadi 5, nusu kijiko cha chai, wa miaka 6 hadi 11, kijiko kimoja, mkubwa zaidi, viwili. Apewe nusu saa kabla ya kulala, yenyewe au ndani ya maji ya uvuguvugu. Kisha apigwe mswaki.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kuonjeshwa kidoleni. Asali, hata iliyo safi, inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzidhibiti. Zikiota hutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Baadhi ya mama watauliza: vipi kuhusu tahniki? Asili ya tahniki katika Sunna ni tende iliyotafunwa ikalainishwa, na hiyo inatosha. Hapana haja ya kuweka asali mahali pake.

Mwenye kisukari naye akumbuke kuwa asali ni sukari. Na tuwe waangalifu na chupa za sokoni, kwani sukari iliyochemshwa ikatiwa rangi si asali, na kuiuza kwa jina la asali ni ghushi iliyoharamishwa.

Haba soda

Hadithi ya haba soda ni sahihi, imo kwa Al-Bukhari na Muslim: kwamba ndani yake mna ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Wapo wanaoichukua hadithi hii wakaacha dawa ya pumu au ya presha. Tuwaulize wanazuoni walivyoifahamu. Al-Khattabi alieleza kuwa ni tamko la jumla lililokusudiwa mambo mahususi, yaani maradhi yanayofaa kutibiwa kwa tabia ya mbegu hiyo, na Ibn Hajar ameyanakili maelezo ya aina hii katika Fat-h al-Bari. Wapo pia walioichukua kwa ujumla wake. Lakini hakuna katika hao aliyesema mgonjwa asipokee dawa nyengine. Mtume mwenyewe (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alielekeza dawa mbalimbali kwa maradhi mbalimbali.

Kwa upande wa ushahidi, haba soda imepimwa zaidi kwa wagonjwa wa pumu kuliko kwa kikohozi cha makohozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, kwa wagonjwa 80 wa pumu nchini Saudi Arabia, uliwapa baadhi yao mafuta ya haba soda ndani ya vidonge kwa wiki 4. Hali yao ya pumu ilidhibitika vizuri zaidi, lakini walikuwa wakiendelea na dawa zao za hospitali. Jambo hili la mwisho ndilo la kuzingatiwa: haba soda iliongezwa juu ya dawa, haikuchukua nafasi ya dawa.

Kijiko kidogo cha haba soda iliyosagwa na asali ni jambo jema kwa mtu mzima. Anayetumia dawa za kisukari au presha asizidishe, maana inaweza kushusha sukari na presha. Mjamzito abaki kwenye kiwango cha chakula.

Tangawizi, ndimu, thomu na karafuu

Chai ya tangawizi iliyotiwa ndimu, mdalasini na karafuu mbili tatu haikosekani katika nyumba zetu. Maabara nchini Marekani zimeonesha kuwa viini vya tangawizi hulegeza misuli ya njia za hewa. Lakini hiyo ni maabara. Majaribio kwa wagonjwa wa kikohozi ni machache mno, na hatuwezi kusema imethibitika. Kitunguu thomu kiko hivyo hivyo.

Hata hivyo moto wa kinywaji wenyewe una faida. Mwaka 2008 watafiti wa Cardiff, Uingereza, waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji cha matunda, cha moto au cha kawaida. Cha moto kiliwapa nafuu ya kikohozi, koo na uchovu, na cha kawaida hakikufanya hivyo kwa kiwango hicho. Kwa hiyo bibi anaposema "kunywa ikiwa moto" ana hoja. Maji mengi pia humsaidia mgonjwa asikaukiwe.

Kuhusu karafuu, fahari ya visiwa vyetu, tunatofautisha vitu viwili. Karafuu nzima ndani ya chai ni kiungo, haina neno. Ama mafuta ya karafuu, yanayokamuliwa kutokana na makonyo, ni makali sana. Mtoto akinyweshwa hata kiasi kidogo yanaweza kumharibu ini. Hayanyweshwi mtoto, wala hayapakwi ndani ya pua yake. Mafuta ya aina yoyote yakitiwa puani mwa mtoto yanaweza kushuka mapafuni na kuleta nimonia.

Zaatari, mkaratusi na kujifukiza

Zaatari, inayoletwa na jamaa zetu kutoka Oman na Yemen, ina ndugu yake Ulaya aliyepimwa vizuri. Mwaka 2006 nchini Ujerumani watu wazima 361 wenye mkamba na kikohozi cha makohozi walipewa sharubati ya mmea huo pamoja na mmea mwengine wa huko, au sharubati isiyo na dawa. Baada ya siku 7 hadi 9, vipindi vya kukohoa vilipungua kwa takriban asilimia 69 kwa waliopata dawa, na asilimia 48 kwa wasiopata. Tazameni hesabu hiyo: hata wasiopata dawa walipungukiwa na karibu nusu. Mitishamba iliharakisha nafuu ambayo mwili ulikuwa umeshaianza. Na ile ilikuwa sharubati iliyopimwa nguvu zake, si sawa moja kwa moja na chai tunayoipika wenyewe.

Kiini cha mkaratusi nacho, kikiwa ndani ya vidonge vilivyopimwa, kiliwafaa wagonjwa wa mkamba katika jaribio la watu 242 lililochapishwa mwaka 2013. Lakini mafuta ya mkaratusi ya chupa hayanywewi, kwani mtoto akiyanywa anaweza kupata degedege.

Ama kujifukiza kwa sufuria ya maji ya moto na shuka kichwani, tafiti zilizokusanywa hazijathibitisha faida yake kwa mafua, na hatari yake inajulikana: sufuria hupinduka na watoto wakaungua. Mtu mzima anayeona nafuu anaweza kujifukiza kwa uangalifu. Mtoto asifukizwe. Na chumbani kwa anayekohoa tupunguze moshi wa udi, ubani na kuni, na sigara isiwepo kabisa. Harufu nzuri inapendeza, lakini moshi ni moshi, na kifua kinachoumwa hakiupendi.

Tunapotaja dawa za dukani tusizione kama ni adui wa mitishamba. Bromhexine, dawa ya kulainisha makohozi iliyomo ndani ya sharubati nyingi, imetokana na kiini cha mti ambao waganga wa India wameutumia kwa kifua kwa karne nyingi. Kilichoongezwa ni kipimo na uchunguzi. Na pale uchunguzi ulipokosekana, ilitokea msiba: mwaka 2022 nchini Gambia zaidi ya watoto 60 walifariki baada ya kupewa sharubati zilizochafuliwa na kemikali yenye sumu. Dawa ya mtoto inunuliwe kwenye duka lililosajiliwa, kwa ushauri wa mtaalamu, si kila chupa yenye picha ya asali.

Kukata kimeo

Tunaomba wazazi wasome sehemu hii mara mbili. Bado wapo wanaoamini kuwa kikohozi kisichoisha kinatokana na kimeo kirefu, yaani kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kwamba dawa yake ni kukikata. Si kweli. Kimeo hakisababishi nimonia wala kifua kikuu wala pumu. Kukikata kwa wembe au kisu kumesababisha watoto kutoka damu nyingi, kupata usaha na pepopunda, na wengine wamepoteza maisha. Na ugonjwa wenyewe unabaki kifuani pale pale, huku siku zikipotea.

Katika Al-Bukhari na Muslim imo hadithi ya Ummu Qays bint Mihsan (Radhiya Allahu anha), aliyemjia Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) na mwanawe ambaye alikuwa amembinya koo kwa maradhi yaliyokuwa yakiwapata watoto sehemu hiyo. Mtume hakuridhia. Alilikemea jambo la kuwatesa watoto kwa kuwabinya hivyo, akaelekeza dawa iliyo nyepesi kwao. Ikiwa kubinya kwa kidole kulikemewa, itakuwaje kwa wembe?

Lini tuache jikoni twende hospitali?

Mpeleke mtoto siku hiyo hiyo, hata usiku, ukiona moja katika haya:

- Anapumua mbio. Mhesabie pumzi akiwa ametulia kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi.
- Mbavu za chini zinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anatoa sauti ya kukwama.
- Midomo au ulimi umegeuka buluu.
- Hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, au amepata degedege.
- Anakohoa mfululizo mpaka anatapika au anavuta pumzi kwa mlio, maana hicho huenda ni kifaduro.

Kwa mtu mzima: makohozi yenye damu, maumivu makali ya kifua, kukosa pumzi, au homa isiyoshuka. Na yeyote aliyekohoa wiki 2 au zaidi apimwe makohozi. Haina maana kwamba ana kifua kikuu, kwani tumeshaeleza kuwa kikohozi cha kawaida nacho kinaweza kufika huko. Maana yake ni kuwa hapana njia ya kujua bila ya kupima. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Kipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na mwenye kumaliza dozi, kwa kawaida miezi 6, hupona kwa idhini ya Allah. Anayejificha kwa kuona haya huku akinywa tangawizi anawaambukiza wanawe. Naye Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana.

Masuala mawili ya fiqhi yanayoulizwa sana

La kwanza: aliyefunga akimeza makohozi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, makohozi yakiwa bado ndani ya koo na yakashuka, funga haiharibiki. Yakifika sehemu ya nje ya mdomo, na mtu akaweza kuyatema lakini akayameza kwa makusudi, funga inabatilika. Katika madhehebu ya Hanafi na Maliki haibatiliki. Kwa hiyo ayateme kwenye kitambaa au karatasi, wala asiteme msikitini au njiani. Na mgonjwa anayezidiwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

La pili: sharubati yenye pombe. Muulize mtaalamu wa duka la dawa akupe isiyo na pombe, nazo zipo nyingi. Ikikosekana mbadala, na daktari mwaminifu akasema dawa hiyo iliyochanganywa inahitajika, wanazuoni wa Shafi wameiruhusu kwa kadiri ya haja.

Basi mama yetu aliyeuliza, ikiwa mwanao ameshatimiza mwaka, mpe asali kabla ya kulala, mpe maji ya uvuguvugu, mzuilie moshi, msomee dua, na hapo umemsikiliza bibi kwa haki yake. Kisha mhesabie pumzi. Ukiona zimezidi, mfunike, mbebe, nenda. Ujira wako kwa Allah haupungui kwa sababu dawa ilitoka kwa daktari.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na atuhifadhie watoto wetu. Amin. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.